Ndiyo ya Tawete

Ieleweke kwa watu wote, walio hai na wanaongoja kufufuliwa, kwamba asili ya methali isemayo "Jirani hukuchimbia kaburi, hakusemei ndiyo" imechunguzwa kwa kina na jopo la wataalamu. Jopo lenyewe lilikuwa wanafunzi watatu wa Kidato cha Tatu, waliopewa adhabu ya kupalilia kabichi za shule kwa sababu mmoja wao, Winfrida, aliitika "nipo" badala ya rafiki yake aliyekuwa bado kitandani. Mwalimu wa zamu aliwatupia methali hiyo pamoja na majembe. Majembe waliyaelewa. Methali ikabidi wamwulize Babu Otmari, mtunza bustani, ambaye kabla ya uzee alikuwa katekista wa kigango kwa miaka arobaini.

Babu aligeuza ndoo, akaikalia. Alisema maneno hayo yalianzia kwa katekista mmoja wa zamani, ambaye jina lake alikuwa amelisahau. Kwa heshima, hakuna aliyecheka.

Katekista huyo alikuwa na rafiki aitwaye Tawete, mchimba makaburi wa kijiji kizima. Alipofariki mtu, Mkristo au asiye Mkristo, Tawete ndiye aliyepima urefu kwa ufito na kuanza kuchimba. Akimaliza hupanda kutoka shimoni, hujipangusa udongo, kisha husimama mbali kidogo na jembe begani huku sala zikiendelea. Hakuwa amebatizwa. Wawili hao walichunga mbuzi pamoja, wakaoa mwaka mmoja, wakaota mvi huku wakichekana. Kila Jumapili katekista aliwaeleza watu habari za mbinguni, na kila alipozieleza aliona pembeni yake nafasi iliyo tupu. Mbinguni bila Tawete, angecheka na nani?

Basi akawa anamsukuma abatizwe. Alimsukuma shambani, akamsukuma kilabuni, na siku moja alimsukuma hata akiwa ndani ya kaburi, amezama hadi mabegani. Tawete alisimamisha jembe, akamwomba asimharakishe. Alisema wote aliowahi kuwashusha humo walishushwa bila kuulizwa, na yeye angependa walau mahali pamoja apaingie kwa miguu yake. Mahindi yakivunwa atakwenda kwa Padri mwenyewe. Alisema hivyo mavuno matatu mfululizo.

Mavuno ya nne yalikuwa bado mbali Tawete aliposhikwa na kichomi. Siku ya tatu hakumtambua hata mkewe. Padri alikuwa parokiani, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Katekista alijua kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa, muumini yeyote aweza kumbatiza. Alijua pia kwamba mtu mzima habatizwi asipotaka mwenyewe. Alikuwa ameifundisha kanuni hiyo miaka na miaka. Siku ile aliivuka kama mtu anayevuka msafara wa siafu, upesi na bila kutazama chini. Aliinama kitandani, akauliza, "Tawete, unataka ubatizo?" Akangoja. Akasikia kifua kikikoroma, basi. Ndipo akajijibu mwenyewe, "Ndiyo," akachota maji kwa kata, akambatiza kwa jina la Yosefu. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama aliyetua mzigo wa kuni.

Siku ya tano Tawete akaamka, akaomba uji.

Padri alipofika na kitabu chake cha ubatizo, alimwuliza katekista pale uani kama mgonjwa aliridhia. Katekista akasema, "Ndiyo, Padri," na ikaandikwa. Tawete alikuwa ndani, ameegemea ukuta, anasikia kila neno. Alisubiri hadi Padri akaondoka.

"Nani aliitika?" aliuliza.

"Ulikuwa unakufa, ndugu yangu."

"Sikuulizi nilikuwa nafanya nini. Nauliza nani aliitika."

"Mimi."

Tawete aliitazama mikono yake kwa muda mrefu. "Nimewachimbia kaburi watu wa kijiji hiki chote, hata wale walionipita njiani bila salamu. Lakini sikumsemea mtu ndiyo. Lile neno nilikuwa nimeliweka, Otmari. Nilitaka nilipeleke mwenyewe, nimwambie Mungu: sikusukumwa na mtu. Sasa nitampelekea nini?"

Hapo Babu Otmari alikohoa, kwani jina alilolisahau lilikuwa limetoka. Wanafunzi walitazama kabichi. Akaendelea.

"Niliogopa utakwenda mahali nisipokuwepo," katekista alimjibu.

"Najua. Ndiyo maana sijakupiga."

Hawakugombana. Waliendelea kuketi pamoja jioni na kunywa kibuyu kimoja, ila habari za mbinguni hazikutajwa tena. Watu walipomwita Yosefu, Tawete hakugeuka. Jembe alimpa mpwa wake, maana kifua kilikuwa hakina nguvu tena. Masika yalipoanza kichomi kikarudi, nacho safari hii hakikuja kutembea. Siku ya mwisho hata maji hayakupita kooni. Katekista aliingia peke yake, akapiga magoti.

"Tawete, nilikuibia," alisema. "Sasa nakuuliza, na sitajibu mimi. Unataka?"

Babu Otmari akasema kwamba Tawete alifumbua macho, akasema kwa sauti ya wazi kabisa, "Ndiyo," na akafa kwa amani. Katekista alimchimbia kaburi kwa mikono yake, likapinda upande mmoja, na watu wakaanza kusema: jirani hukuchimbia kaburi, hakusemei ndiyo.

Wanafunzi wawili waliinua majembe. Winfrida hakuinua lake.

"Babu, ulisema hata maji hayakupita kooni."

"Nilisema."

"Na humo ndani mlikuwa wawili tu. Hiyo sauti ya wazi aliisikia nani?"

Babu aliokota jani la kabichi lililoliwa na wadudu, akalikunja, akalikunjua.

"Hakusema," alijibu. "Nilimwuliza mara tatu. Midomo ilisogea. Labda lilikuwa neno, labda kiu tu. Kisha akageukia ukutani. Kisa hiki nakisimulia mwaka wa thelathini na moja huu, na kila nikifika hapo naona siwezi kumwacha vile. Naitika mimi."

Winfrida aliuliza polepole kama huenda Mungu alilisikia, iwapo lilikuwa neno. Babu alisema hilo ndilo analoliomba kila asubuhi. Haombi tena jibu liwe ndiyo. Anaomba tu kwamba, vyovyote lilivyokuwa, liwe lilifika likiwa la Tawete mwenyewe.

"Na leo nimemsemea tena, mbele yenu," alisema, akalitupa lile jani. "Jirani hukuchimbia kaburi, wanangu. Hakusemei ndiyo."