Chumba Kilichobomolewa Simu Ikiwa Hewani

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, zamani yenyewe ni ya juzijuzi tu, palikuwa na seva moja, kompyuta kubwa iliyobeba mtandao wa zahanati zote za milimani kwetu. Mimi nilikuwa napika chai kwenye ofisi yenye seva ile. Chai tu, lakini masikio ninayo.

Ndani ya seva ile mlikuwa na vyumba. Si vya matofali, vyumba vya mtandao. Kila zahanati ina chake, na wa chumba hiki hamwoni wa chumba kile. Mwenye nyumba ni kiini, ile programu iliyo chini ya programu zote. Na kiini kina kanuni yake kwa kila programu: ukiingia chumbani unajiandikisha, hesabu inapanda moja. Ukitoka unajifuta, hesabu inashuka moja. Ikifika sifuri, hamna mtu, chumba ruksa kubomolewa. Mmeelewa? Hata mimi nilielewa, na shule niliishia darasa la saba.

Basi walikuwepo mafundi watatu.

Shekue aliandika moduli ya simu za madaktari, yaani kipande cha programu kinachopachikwa ndani ya kiini. Mwanzoni moduli yake ilijiandikisha kila chumba. Kumbe balaa! Moduli inangoja chumba kife ndipo itoke, chumba kinangoja moduli itoke ndipo kife. Wakangojana wee, vyumba vilivyokwisha kazi vikajaa hadi seva ikaelemewa. Mkuu wa ofisi akapiga kelele. Shekue akaufuta uandikishaji. Akasema, "Hakuna haja. Kabla ya kubomoa, kiini hupiga kengele ya kuaga. Tukiisikia, tunatoka."

Mwanakheri ndiye aliyeandika cha kufanya kengele ikilia. Aliandika: zuia simu mpya, ngoja zilizopo ziishe, ndipo uruhusu chumba kibomolewe. Lakini ubomoaji huenda kwa foleni. Simu moja ya mtu mwenye maneno mengi, na vyumba vyote vya nyuma vinasubiri. Mkuu akapiga kelele tena, yule bwana na kelele zake! Mwanakheri akabadilisha: ngoja nusu dakika, basi. Akasema, "Simu ikikatika, mtu si atapiga tena?"

Hizza kazi yake ilikuwa kuamuru vyumba vibomolewe. Ijumaa moja zahanati ya kule juu milimani, ya muuguzi Sista Ernesta, ilikuwa inahamishiwa chumba kipya. Ratiba ilisema chumba cha zamani kibomolewe saa nane mchana, na Sista Ernesta alijulishwa hivyo. Lakini Ijumaa ni Ijumaa, Hizza alitaka kuwahi msikitini bila kiporo cha kazi. Saa tano akatazama hesabu. Sifuri. Akasema, "Sifuri, hamna mtu." Akabonyeza.

Mungu wangu! Hamna mtu?

Saa tano ile ile, kule juu kwa Sista Ernesta, mama mmoja, Nakijwa, alikuwa anajifungua mapacha. Wa kwanza ameshatoka, analia vizuri. Wa pili amelala mshazari. Sista Ernesta ameweka simu rafuni, daktari wa mjini anamwelekeza. "Mkono hapo hapo, sista. Usiutoe. Sasa mgeuze pole pole, kuelekea..."

Kengele ikalia ndani ya kiini. Nusu dakika ikapita. Chumba kikabomolewa. Moduli ya Shekue, simu ingali hewani, ikanyoosha mkono kukishika chumba kisichokuwepo. Kiini kikagusa patupu, na seva nzima ikaanguka, puu! Si zahanati moja, zote. Kupiga tena? Atapiga kwa kipi? Kule juu hata simu za kawaida hazishiki.

"Daktari! Daktari!" Sista Ernesta aliita mpaka sauti ikamkauka.

Mtoto wa pili alitoka hapumui.

Jamani, habari ilipofika ofisini nilikuwa na sinia mkononi. Sijui lilianguka saa ngapi. Nilijikuta nimesimama juu ya vigae vya vikombe na chai ya moto, wala sihisi kuungua.

Arobaini ilipokwisha, Nakijwa alishuka mwenyewe, mtoto mgongoni. Mkuu akamkabidhi barua ya pole. Hakuifungua.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nataka mtu mmoja. Nimjue kwa sura."

Shekue akasema, "Mama, mimi niliacha kujiandikisha kwa sababu kengele ipo. Na kengele ililia! Aliyetakiwa kungoja hakungoja."

Mwanakheri akaruka. "Nilingoja nusu dakika! Na moduli yako ingejiandikisha, hesabu ingekuwa sifuri? Na nani alibomoa saa tano badala ya saa nane?"

Hizza machozi yalikuwa yanamtoka. "Nilitazama, wallahi nilitazama. Hesabu ilisema sifuri. Fundi asipoamini hesabu, aamini nini?"

"Ungemuuliza Sista Ernesta," Nakijwa alisema.

"Ningemuuliza," Hizza alijibu, akaketi sakafuni.

Mkuu, mwenye kelele zake, alikuwa anatazama viatu vyake.

Nakijwa akamshusha mtoto mgongoni, akawaonyesha uso wake. "Huyu ni Kulwa. Jina hilo hapewi mtoto aliyezaliwa peke yake. Kila atakapolitaja, watu watamuuliza pacha wake Doto yuko wapi. Na siku moja ataniuliza mimi. Siku hiyo nitamleta hapa. Nani atamjibu?"

Hizza akainuka, wakajitokeza wote watatu kwa pamoja.

"Hapana," akasema. "Watatu ni sawa na hakuna mtu. Mmoja."

Nilikuwa pale mlangoni na ufagio wangu, nikawatazama mmoja mmoja, nikashindwa kuchagua. Mpaka leo nashindwa. Haya, ninyi mnaojua kuhukumu: aliyeiacha moduli yake chumbani bila kujiandikisha, aliyeacha kungoja, au aliyeona sifuri akaiamini bila kuuliza? Kulwa anakua, tayari anatembea. Je, ni nani kati yao atakayemwambia Doto wake yuko wapi?