Matuta ya Shekiondo

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi Shekiondo, tajiri wa viazi, sikumwongezea Mbelwa, kaka wa mke wangu, hata asubuhi moja. Nilimkabidhi jembe kabla hajanawa uso.

"Asante, shemeji," akasema. "Nami nimekuletea zawadi. Wakwe wa binti yako si wanakuja kutoka mjini na Kiingereza chao? Nina neno moja, 'run'. Lina maana nyingi kuliko wajukuu zako."

"Si kukimbia tu?" nikajifanya msomi.

"Hiyo ya watoto. Kamasi ikitiririka, 'run'. Ukigombea udiwani, 'run'. Ila lugha haimwingii mtu aliyekaa. Mikono ikifanya kazi, kichwa hushika. Tuta moja, maana moja."

Jembe nikamnyang'anya mwenyewe! Nikapalilia, naye akakalia kigoda changu, akitafuna muwa wangu na kunifundisha: mashine ikifanya kazi, 'run', nguo ikichuja rangi, 'run'.

Jua lilipokuwa linazama, mgongo ukagoma.

"Mwalimu," nikalia, "zimebaki maana ngapi?"

Akasimama, akaliangalia shamba.

"Kwani yamebaki matuta mangapi?"