Jumbe Dewa Arudia Hukumu Yake

"Nifungue, nisifungue?"

"Fungua, bibi!"

Basi sogeeni. Wewe Tatu, acha kumfinya mwenzio. Hapo kale, kale ile ambayo hata bibi wa bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na mji ukiitwa Tundani, na jumbe wake aliitwa Dewa. Mkigombana, kwa Jumbe. Mkidhulumiana, kwa Jumbe. Akishaamua hupigwa siwa, ile baragumu kubwa ya pembe ya ndovu, mji mzima ukasikia. Na hukumu iliyopigiwa siwa hairudiwi. Hairudiwi abadani! Baba yake Dewa hakurudia, babu yake hakurudia.

Mpiga siwa alikuwa Vuai, mtu wa maskhara, kanzu safi, kipenzi cha wazee.

Asubuhi moja Jumbe ameketi barazani na wazee wake, mara akaingia mwanamke bila hodi. Nywele zimeungua upande mmoja. Mkono umefungwa jani la mgomba. Jumbe akamtazama, akamtazama tena, ndipo akamjua. Mashavu, mke wa Vuai!

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, mwanangu. Umepatwa na nini?"

"Nyumba ya mama kule bondeni imeungua. Mama hakutoka. Tumemzika jana."

Wazee wakaanza kumpa pole. Mashavu akainua ule mkono mzima.

"Pole nimeshapewa. Nimekuja kwa mambo mawili. Mrudie hukumu yenu. Na mnilinde, maana atanifuata."

"Hukumu gani?" akauliza Jumbe.

Naam, wajukuu zangu, aliuliza! Alikuwa amesahau.

"Mwezi wa mavuno nilisimama hapa hapa," akasema Mashavu. "Nikakwambia mume wangu ameapa kunichoma moto nikimkimbia. Nikaomba nikae kwa mama. Ukanijibu, 'Maneno ya hasira ni upepo tu. Rudi ukampikie mumeo, atatulia.' Mkacheka. Siwa ikapigwa. Na aliyeipiga ni nani? Si yeye huyo huyo mume wangu? Nilirudi, Jumbe. Nilimpikia. Alinipiga mpaka nikakimbilia kwa mama."

Sasa Jumbe alikumbuka. Alikumbuka hata kicheko, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza kucheka.

Mzee Chande akakohoa. "Hukumu hairudiwi. Tukirudia moja, nani atatuheshimu?"

Vuai alikuwa mlangoni na siwa yake begani. Akaja mbele akilia, machozi kabisa, tena mengi.

"Jumbe wangu, mama mkwe kanifia na mke kachanganyikiwa kwa msiba. Ule ulikuwa moto wa jikoni. Nipe ruhusa nimchukue nyumbani apumzike."

Alisema kwa upole hata Jumbe, Mungu amsamehe, akafungua kinywa aseme haya mchukue.

"Moto wa jikoni?" Mashavu akamgeukia. "Mama kipofu, mwaka wa tatu huu hajawasha moto. Nilikwenda kisimani alfajiri, narudi nakuta paa linawaka. Nimeungua nikivuta mlango. Ulifungwa kwa nje, Vuai! Kwa nje!"

"Niliufunga kwa ajili yako, si yake!" Vuai akapaza sauti. "Ningejuaje kuwa umeshatoka?"

Ehe, wanangu. Aliyasema mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya watu wote. Akaziba mdomo kwa kiganja, lakini yalikuwa yameshatoka. Mzee Chande tasbihi ikamponyoka. Askari wawili wakamkamata Vuai, na hakuna aliyewaamuru.

Jumbe akasimama. Akavua kilemba akakiweka chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Yeye aliwasha moto," akasema, "lakini mimi ndiye niliyemrudisha huyu mwanamke mikononi mwake. Hukumu yangu ilikuwa mbaya. Naifuta. Vuai afungwe. Mashavu atakaa kwangu, pamoja na wake zangu, na askari wawili watamfuata kila aendako, hata kisimani. Atakayemgusa amenigusa mimi."

Akaiokota siwa iliyomwanguka Vuai, akaipiga mwenyewe. Hakuwa mjuzi. Ililia kama ng'ombe mgonjwa, na hakuna aliyecheka.

Mashavu akapiga goti. "Ahsante, Jumbe. Lakini mama haisikii siwa yako."

Watu walikwishajaa barazani wakitaka kujua mlio ule ni wa nini. Jumbe akawaeleza yote, hakuficha, kisha akauliza, "Je, yuko mwingine niliyemhukumu vibaya?"

Alidhani watanyamaza. Pengine mmoja atasema, au wawili.

Akasimama kizee mmoja. Akasimama mfinyanzi. Akasimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Wakasimama wa barazani, wakasimama wa uani, na kule njiani wakasikika wakiitana, "Njooni, njooni, Jumbe anasikiliza!" Jumbe akahesabu mpaka ishirini na tatu, akashindwa kuendelea. Akaketi chini, juu ya mchanga, karibu na kilemba chake.

"Aanze aliye karibu," akasema.

Basi, wajukuu zangu, mkubwa si yule asiyekosea. Ukiambiwa umekosea, sikiliza. Na mtu akikwambia anaogopa, usimcheke. Mlinde leo, kwa kuwa kesho huenda utamlindia kaburi.

Kisa nimekitua. Mwenye nguvu na ajitwike.