Amri ya Sultani Shekue na Wenye Nyumba wa Shanuni

Alitawala Sultani Shekue mji wa Shanuni, na Shanuni ulikuwa mji hasa, mji wa mawe na adabu. Na ada yake ilikuwa nyumba ni ya mwanamke, baba humjengea bintiye, na mume huingia na sanduku na mswala wake, na akitoka hutoka navyo. Hata kasri alimokaa Sultani ilikuwa ya dada yake, Mwana Zaina.

Na palikuwa na mjane, Mwana Tufaa, ambaye masika yalimwangushia dari, na majirani badala ya kumsitiri wakaja na matenga wakabeba mawe yake wakazibia kuta zao, wakisema, "Maskini, Mungu atampa." Akawa analala kwenye baraza ya kasri, pamoja na hamali aliyevunjika mguu na wengineo, na kila mmoja wao alikuwa na pa kulala zamani.

Siku ya wageni Sultani akaudhika kuwaona, akaisugua pete ya babu zake iliyomfunga jini wa amri moja tu, naye akatokea akasema, "Labeka, maulana."

"Kila asiye na nyumba mtoe nje ya ukuta, asirudi ila akaribishwe na mwenye nyumba."

"Kila mmoja, maulana?"

"Wewe ni jini au karani? Kila mmoja."

Ukavuma upepo, na wakajikuta kwenye nyika ya chumvi Mwana Tufaa na wenzake, na kadhi, na waziri, na matajiri na vilemba vyao, na Sultani mwenyewe. Kwani mwanamume gani wa Shanuni alikuwa na nyumba?

Mwana Zaina akatokea juu ya ukuta, na wanawake wa mji nyuma yake.

"Dada, nikaribishe, jua linaniunguza."

"Limemwunguza Mwana Tufaa tangu masika, nawe hukuhisi joto. Hakaribishwi mwanamume mpaka mjane huyo na wenzake wawe na milango ya kufunga."

"Mimi ni Sultani."

"Wa nani, huko nje?"

Na wale majirani wakaona haya, wakayabandua mawe ya watu ukutani mwao wakayatupa nje ya ukuta wa mji. Waziri akamnong'oneza Sultani amwoe mjane upesi apate kukaribishwa, na Mwana Tufaa akasikia.

"Unioe nikuweke wapi, maulana? Chini ya mtandio?"

Basi wakajenga. Kadhi akachoma chokaa hata nyusi zikaungua, na Sultani akabeba boriti begani, na nyumba zilipokwisha ukuta wa mji ukasogezwa ukazizunguka, na wanawake wakawaita waume zao. Sultani akaenda kwa Mwana Tufaa akapiga hodi, akasema, "Sasa naposa bila hila."

Mwana Tufaa akamtazama viganja vilivyochubuka. "Karibu. Viatu acha nje, na usinikanyagie sakafu, haijakauka."

Wakaoana, wakaneemeka, na sisi wa Shanuni tunajivunia hilo kuliko minara yetu. Mtu hakosi nyumba kwa uvivu. Hubomokewa, na watu humwombea dua wakipita. Dua ni njema, lakini haiezeki.