Mgawa Maji na Chaguo la Kwanza

Baba mmoja katika milima ya Upare alikuwa na kazi ya kugawa maji, na alikuwa na binti. Kazi aliirithi kwa baba yake. Binti alimpata ukubwani, mmoja tu, baada ya miaka mingi ya kukaa wawili na mkewe Naetwe. Jina la baba huyo ni Elieza Kiangi. Binti walimwita Nakundwa, yaani aliyependwa kwa lugha ya kwao, na hawakuwa wametia chumvi.

Maji yenyewe yalitoka kwenye ndiva, bwawa dogo la udongo na mawe ambalo wazee walilijenga mlimani. Jioni hufungwa likajaa, asubuhi mgawa maji hulizibua, na maji huteremka mferejini kwenda mashambani. Desturi ya ndiva ile ilikuwa moja na haikuwa na mjadala. Kila shamba lilikuwa na nafasi yake juu ya ukuta wa bwawa, na anayetaka maji ya kesho huweka jiwe kwenye nafasi yake kabla jua halijazama. Asubuhi Elieza huyatazama mawe, hutazama na kina cha maji, kisha hupiga hesabu kichwani nani apate kiasi gani. Asiyeweka jiwe hapewi, hata akiwa shemeji yake. Mashemeji walikuwa wameshajaribu.

Nakundwa alikulia kando ya mfereji ule. Alipomaliza kidato cha sita akarudi nyumbani, jambo la kwanza alilofanya ni kuazima kwa fundi mwashi mpira wake mwembamba wa kupimia usawa, ule unaoonyesha maji ndani, akaanza kuupima mfereji hatua kwa hatua. Kulikuwa na kona iliyomwaga maji tangu enzi za babu yake, na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ni fuko, wengine walisema ni kijicho cha watu wa kitongoji cha pili. Nakundwa akaonyesha kwamba pale mfereji ulikuwa unapanda vidole vitatu badala ya kushuka. Watu wakaitwa kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo hakuna anayeikwepa, wakachimba siku mbili na kona ikakaa sawa. Elieza alitembea wiki nzima meno nje.

Matokeo ya mtihani yakatoka, nayo yalikuwa mazuri. Si ya kutangazwa redioni, lakini mazuri. Na alichokitaka Nakundwa kila mtu nyumbani alikijua: uhandisi wa maji, katika chuo kimoja kikubwa ambako kozi hiyo huchukua wanafunzi arobaini na wanaoiomba ni maelfu. Wenye alama kama zake walikuwa wengi, na waliomzidi nao hawakuwa haba. Maombi yalijazwa kwenye simu, chaguo la kwanza, la pili na la tatu, na dirisha lilikuwa linafungwa Ijumaa. Tatizo lilikuwa kwenye mpangilio. Ukitanguliza kozi inayogombewa ukaikosa, unaweza kukuta ya pili imeshajazwa na wale walioitanguliza wao, na mwaka mzima ukakupita ukiwa umekaa nyumbani.

Jumanne, wakiwa wanapukuchua mahindi, Nakundwa akamwuliza baba yake afanyeje.

Elieza alimjibu kwa upole. Alimwambia kwamba ualimu wa hesabu ni kazi ya heshima, chuo chake kiko karibu, na nafasi zipo za kutosha. Kwa nini mtu mwenye akili zake aende kujipanga nyuma ya maelfu? "Mwanangu," alisema, "pale hawatakufikia."

Hakusema kwa ubaya. Tayari alikuwa anamwona bintiye akiyasoma majina arobaini, akifika mwisho, akianza kuyasoma upya. Tena alikuwa anawaona majirani wakija kuuliza habari kwa ile huruma ya kumchungulia mtu usoni. Aliogopa, neno lenyewe ndilo hilo. Lakini mtu mzima akiogopa kwa ajili ya mtoto wake hupenda kuiita hofu hiyo busara, na Elieza aliiita hivyo, akaendelea kupukuchua.

"Sawa, baba," Nakundwa akasema. Alisema haraka mno. Moyoni naye alikuwa anatafuta mtu wa kumkataza, na sasa amempata bila kuhangaika. Akafuta uhandisi kwenye chaguo la kwanza, akaandika ualimu. Hakutuma, alisema atatuma kesho akipanda kule juu ambako mtandao unashika. Kesho yake akasema kesho. Naetwe hakuingilia, ila ugali wa siku hizo mbili aliusonga kwa nguvu kuliko ulivyohitaji, na hakuna aliyethubutu kumwuliza una nini.

Alhamisi ilikuwa zamu ya mashamba ya chini. Asubuhi kukiwa bado na ukungu, Elieza aliyatazama mawe, akazibua ndiva, kisha yeye na Nakundwa wakashika majembe na kuyafuata maji. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Ukifika kwenye shamba lenye zamu unatoa bonge la udongo mdomoni pake, maji yanaingia, unasubiri mpaka kipimo kitimie, unaziba, unasonga mbele. Walimaliza shamba la mwisho lililokuwa na jiwe. Kwa hesabu ya Elieza, hapo maji yalipaswa kuwa yamebaki ya kulowesha nyayo tu.

Hayakuwa machache hivyo. Mfereji ulikuwa umejaa nusu, maji yanakimbia kwa furaha kabisa, na hakuna aliyeyaomba. Tangu kona inyooshwe, hii ilikuwa mara ya kwanza kuzibua kwa mashamba ya chini, maana kabla ya hapo mvua zilikuwa zinayatosha, na Elieza mwenyewe alikuwa amedhani nafuu itakuwa kidogo tu. Akaacha kuhesabu, akayafuata kwa miguu kuona yanakwenda wapi.

Yalikwenda yakapita kando ya shamba la Mama Nietiwe, mjane mmoja ambaye shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa, halafu yakatumbukia korongoni. Maharage ya mama huyo yalikuwa yameanza kugeuka manjano. Mdomo wa kuingizia maji shambani mwake ulikuwa umeota majani, haujaguswa jembe misimu mitatu. Na mwenyewe walimwona akipanda kutoka korongoni, ndoo kichwani, anahema. Alikuwa ameteka kule chini maji yaleyale yaliyopita mlangoni pake.

Elieza alipandwa na hasira ambayo hakujua imetoka wapi. Akamwuliza kwa nini hakuweka jiwe.

Mama Nietiwe akatua ndoo, akajifuta uso kwa kanga. "Baba Nakundwa, mimi niko mkiani. Watu wote wale wako juu yangu. Nilijua hayatanifikia, nikaona nisikusumbue."

"Kujua kama yatafika ni kazi yangu mimi!" Elieza akafoka. "Kazi yako wewe ni kuomba!"

Sauti yake ilikwenda mpaka ng'ambo ya korongo. Elieza akabaki amesimama mdomo wazi, kwa maana aliyasikia maneno yake yakitoka na akaona kabisa yanakokwenda. Hayakuwa yanakwenda kwa mjane. Akageuka taratibu kumtazama binti yake. Nakundwa alikuwa ameinamia mpini wa jembe, mabega yanatikisika, na baba akadhani amemliza. Akasogea, akamshika bega, na msichana akainua uso. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka kwa kucheka.

Basi Elieza naye akaangua kicheko. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani yenye umande. Mama Nietiwe akawatazama hawa wawili, akauliza kwa unyonge kama shida zake ndizo zinazowachekesha. "Hapana, mama yangu," Elieza akamwambia alipopata pumzi. "Nimejichapa mwenyewe kwa fimbo niliyokukatia wewe." Akamweleza yote, mambo ya chuo, ya watu arobaini na ya Jumanne. Mama Nietiwe alipoelewa alicheka kuliko wote wawili, maana yeye alikuwa na kicheko cha misimu mitatu ambacho hajakitumia.

Maji hayo hayakuwa na mwenyewe, hivyo hapohapo Elieza akamwambia aombe. Mama Nietiwe akaokota jiwe kubwa kama boga, akalibeba kwa mikono miwili, akaliweka miguuni pa mgawa maji kwa adabu zote. Wakafyeka majani, wakachimba ule mdomo watatu pamoja, na maji yakaingia kwenye maharage yakinong'ona. Mama Nietiwe aliimwaga ndoo yake shinani mwa mmea mmoja, kwa fahari tu, kama tajiri.

Kabla ya saa sita baba na binti walikuwa wamepanda kule juu kwenye mtandao, matope yakiwa mpaka magotini. Nakundwa akafuta ualimu kwenye nafasi ya kwanza, akauweka wa pili, akaandika uhandisi wa maji juu yake. Elieza alimkumbusha, bila kuficha, kwamba hatari ni ileile. Maelfu hawakupungua hata mmoja tangu Jumanne, na ile ya pili inaweza kweli kujaa. Nakundwa akasema anajua. Akamwambia baba yake abonyeze yeye, kwa heshima. Elieza akabonyeza mara tatu, lakini dole gumba lake lilikuwa na udongo mkavu na simu haikumtambua. Binti akabonyeza mwenyewe. Wakasubiri, wamekodoa macho, mpaka ujumbe ukaja kwamba maombi yamepokelewa.

Walipofika nyumbani Naetwe aliziona nyuso zao tangu kwenye ua. Akajua papo hapo kilichoombwa. Alitupa mwiko, akapiga vigelegele ambavyo majirani walivisikia mpaka kwa watengeneza matofali mwisho wa kijiji, na watu wakaja mbio wakiuliza kuna nini, Nakundwa amechaguliwa?

"Ameomba," akasema Naetwe.

Ameomba tu? wakauliza.

"Ameomba," akarudia, akapiga vigelegele upya, na wale waliokuja kushangaa wakajikuta wanaitikia. Siku hiyo ugali ulisongwa kwa utulivu. Elieza alikula akaongezewa, akaongezewa tena. Binti yake wa pekee alikuwa ameketi mbele yake, uso mkavu wa siku mbili umekwisha, anaeleza kwa mikono yote miwili jinsi ndiva ya pili ingeweza kujengwa upande wa mashariki, na baba aliyekuwa anaogopa uso ule usihuzunike alimtazama akajua kwamba ameshauhuzunisha mwenyewe mara moja, na kwamba hatarudia.

Ndugu zangu, naona mnasogea mbele. Mnataka niwaambie kama jina la Nakundwa lilikuwamo katika yale arobaini. Furaha ya nyumba ile ilikuja siku ya Alhamisi, kabla majibu hayajatoka, kwa hiyo majibu siyo mfano wangu. Mimi nina swali, nami nalielekeza kwa ninyi mnaolea watoto, na kwa ninyi mnaotamani jambo fulani kimyakimya mpaka leo: ni nani aliyewaajiri kusema hapana kwa niaba ya watu ambao bado hawajaulizwa?