Baraka za Nyuma ya Kabati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba za mabati na makabati ya vyombo, Tembo na mkewe walikuwa na binti mmoja, Siwema. Mtoto huyo alikuwa na pumu. Kila jioni kifua chake kilipiga filimbi, fiii, fiii, na mkonga wake ukahangaika kutafuta hewa.

Siku moja akaja Mende, amevaa joho la kahawia linalong'aa, akajiita Daktari. Alisomea wapi hakusema, na Tembo hakuuliza, joho lilimtosha. Mende akasikiliza kifua cha mtoto, akachezesha sharubu.

"Baraka zimeihama nyumba hii," akasema. "Nani hufagia hapa usiku?"

Mama Siwema akakiri kwamba yeye hufagia makombo baada ya chakula cha jioni.

"Basi ndiyo hayo. Wazee walisema, anayefagia usiku anafukuza baraka. Makombo yalale. Kiporo kisifunikwe. Na kabati la jikoni lisisogezwe, baraka hupumzika nyuma yake."

Tembo akaitikia. Aliyeweza kung'oa mti kwa mkonga akamtii anayepita chini ya mlango.

Mjusi, aliyeishi darini, alikuwa ameona yote. Akamweleza Tembo kwamba kinyesi cha mende na magamba wanayojivua hugeuka vumbi, na vumbi hilo ndilo linalombana mtoto. Tembo akakasirika. Mende, alisema, wako kwa watu wachafu, si kwake. Akamfukuza Mjusi kwa mkonga, pwaa, hadi nje ya ua.

Siwema akazidiwa. Likizo ilipofika akapelekwa kwa shangazi yake, ambaye hufagia anapotaka, na huko akalala usingizi wa kawaida. Jioni ile ile aliyorudi nyumbani, pumzi ikamkatika akiwa mezani. Akamtazama mama yake, akashindwa hata kumwita.

Mama Siwema akainuka. Akamtoa nje uani, akampa dawa yake ya kuvuta, akamshika mpaka pumzi iliporudi. Kisha akachukua ndoo, maji ya sabuni na tambara.

"Mama Siwema," Mende akaita kutoka ukutani, "jua limeshazama. Usifagie."

"Sifagii, Daktari. Napiga deki."

Mende akachezesha sharubu upesi. Wazee hawakuwahi kukataza deki.

"Basi kabati usiliguse. Utazisumbua baraka."

"Nataka kuziamkia tu." Akamgeukia mumewe. "Baba Siwema, sogeza kabati."

Tembo akasita. Akauliza kwa sauti ndogo, je, majirani wakijua?

"Wajue. Mtoto anakosa pumzi, wewe unatunza jina."

Tembo akasukuma. Kwaruuu. Nyuma ya kabati palikuwa na kinyesi cheusi kama majani ya chai, magamba makavu, vifuko vya mayai, na ukoo mzima wa Daktari ukitawanyika, chakachaka, kila mmoja na joho lake.

"Ndizo baraka hizo?" Mama Siwema akauliza.

Daktari alikuwa ameshatokomea ndani ya ufa wa ukuta.

Kesho yake Tembo akaziba nyufa kwa saruji, akakaza bomba lililokuwa likivuja, akamwomba Mjusi radhi na kumrudisha darini. Chakula kikafunikwa, taka zikatolewa kabla ya kulala. Vumbi la zamani halikuisha upesi, lakini deki baada ya deki filimbi ile ikafifia.

Kisha ukaitishwa mkutano wa wazazi shuleni kwa Siwema, kwa sababu watoto wengi walikuwa wakikohoa darasani na kila mzazi alilaumu baridi. Tembo akasimama.

"Kwangu kulikuwa na mende," akasema.

 Nyati, mzazi mwenzake, akatazama kwato zake, kisha akainua mguu mmoja kuomba kusema.

"Na kwangu," akasema. "Twendeni tukatazame nyuma ya kabati la darasa."

Nami nafunga mdomo hapo, wanangu, na funzo ni moja: anayeficha mende wake humlipisha mtoto kwa pumzi.