Kibuyu cha Kusikiliza Pumzi

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Tuambie wewe!
Pakawa kibuyu. Nanyi mliozaa juzi, mnaomchungulia mtoto kila mkimeza mate, sogeeni mbele. Hadithi hii ni yenu, na msinune.

Paliondokea Bwana Digidigi na mkewe. Walikaa miaka wakiomba mtoto, hata wakampata mmoja, Tunu, mdogo kama konzi ya unga. Mtoto mzima kabisa: analia, ananyonya, anakojolea wageni. Lakini Bwana Digidigi ana miguu myembamba, na moyo wake mwembamba zaidi. Mtoto akilala, yeye huja mbio, ti-ti-ti, ainame, amsikilize puani.

"Mke wangu, anapumua?"

"Anapumua."

Anarudi uani. Hajakaa, ti-ti-ti!

"Mke wangu, bado anapumua?"

Habari zikamfikia Fisi. Fisi alikuwa ameokota kibuyu shambani, kimezibwa kwa gunzi, na ndani kinalia: kri, kri, kri. Hakujua mna nini. Wala hakutaka kujua. Akakifunga kitambaa chekundu, akaja nacho mlangoni.

"Hodi, wenye nyumba! Hongereni kwa mtoto. Nimewaletea kibuyu cha kusikiliza pumzi. Kikilia, mtoto anapumua. Kikinyamaza, niiteni upesi nije nimwokoe."

"Nasi tukupe nini, Bwana Fisi?"

"Ah! Majirani sisi. Kila nikija, nipeni chungu kimoja cha uji, basi."

Sasa mjue, uji wenyewe ulikuwa wa mzazi: mtama, samli na pilipili manga, uji wa siku arobaini, unaopikwa ili maziwa ya mama yashuke. Bwana Digidigi hakufikiri hilo. Alikuwa ameshakikumbatia kibuyu.

Kikawekwa kando ya mtoto. Kri, kri, kri. Baba akatabasamu hadi masikioni. Akaja kukitazama, ti-ti-ti. Kibuyu kimya!

"Uwii! Mtoto hapumui!"

Akamnyakua Tunu usingizini. Waa! Waa! Mtoto anayepiga kelele hivyo hapumui? Lakini baba hakumsikiliza mtoto, alikisikiliza kibuyu. Fisi akaitwa. Akaketi, akawaambia wote watulie tuli. Punde, kri, kri, kri.

"Nimewahi," akasema Fisi. Gugu, gugu, gugu! Chungu kitupu.

Asubuhi hivyo. Adhuhuri hivyo. Alasiri hivyo. Siku ya nne Bi Digidigi akamweka mtoto kifuani. Mtoto akavuta, akavuta, hakupata kitu. Sauti yake ya kulia ilikuwa imeshakuwa ndogo. Mama akaogopa hofu ya kweli, si ile ya mumewe, akatuma aitwe mkunga, Bi Sange.

Sange ni yule mnyama mwenye pua ndefu, anayetosha kulala ndani ya kiatu. Akaja, akakinusa kibuyu mara moja. Yeye chakula chake ni wadudu, hadanganyiki.

"Bwana Digidigi, humu mna nyenje. Nyenje akisikia kishindo hunyamaza. Kishindo ni chako."

"Lakini bibi, bila kibuyu nitajuaje kama mtoto anapumua?"

"Mtazame!"

"Na kama nikimtazama vibaya?"

Bi Sange akamwangalia mzee mzima yule, akaona maneno yataharibika bure. Akachukua kibuyu, akamwendea Fisi nyuma ya kichuguu. Fisi kashiba uji wa watu, kalala mchana kweupe. Khorooo. Khorooo. Kisha kimya. Kisha khorooo.

"Bwana Fisi, amka! Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Umekoroma, kisha pumzi ikakatika. Nimehesabu hadi saba. Hizo saba nani alikuwa anakupumulia?"

Fisi akakaa. Akavuta pumzi. Akaitoa. Akaogopa kusahau kuvuta nyingine.

"Nifanyeje, mkunga wangu?"

"Si unayo dawa mwenyewe? Kivae shingoni."

Fisi akasita. Aseme nini, kwamba kibuyu ni uongo? Na kama ni kweli? Alikuwa amekisifu kutwa mara tatu, hata sifa zikamwingia mwenyewe. Akavaa, bwege mkubwa.

Akikaa tuli: kri, kri, kri. Akiinuka: kimya! Anakaa. Akinyoosha shingo kwenye mfupa: kimya! Anauacha. Siku mbili nzima Fisi kakaa kama kigingi. Chungu cha uji kikabaki kwa mwenyewe. Bi Digidigi akanywa, akatoka jasho, maziwa yakashuka, na Tunu akanyonya hadi akacheua.

Siku ya tatu Bi Sange akaenda kumjulia hali Fisi. Akamkuta kafumba macho, anajisikiliza. Akang'oa gunzi polepole, akaingiza pua. Ngwamu! Nyenje akaenda tumboni.

Fisi akangoja. Kimya. Akangoja tena. Kimya.

"Bi Sange! Sisikii kitu!"

"Ah, Bwana Fisi. Umekufa."

"Mbona nazungumza?"

"Mdomo wako mkubwa, bado haujapata habari."

"Na uji?"

"Maiti hanywi uji wa mzazi. Nenda makaburini kwa wenzako."

Fisi akaenda, analia huku anatembea. Hata leo mtamkuta makaburini anafukua. Anafukua hapa, si yeye. Anafukua pale, si yeye. Anajitafuta.

Bi Sange akarudi nyumbani. "Mlazeni mtoto chali," akasema, "mwondoleeni matambara usoni, mama ale ashibe. Na wewe baba, kapike."

"Nitapika, bibi," akajibu Bwana Digidigi. "Ila kibuyu changu umekiacha wapi?"

Hadithi yangu imefika ukutani, haipiti tena. Aliyeonewa na aniseme.

Na funzo lake, wazazi wapya, ni hili: nunueni vibuyu viwili, kimoja kimsikilize mtoto, kingine kikisikilize kibuyu. Uji mpeni Fisi, mama atakula akishatoka arobaini. Na mtoto akilia kwa njaa, mwambieni anyamaze, mnasikiliza pumzi yake.